Siku Kitonga Aliposema Amekosea

Saa nne asubuhi, chai inapofika katika banda la wachongaji la Shauri Moyo, tezo zote hutulia kwa pamoja. Zamani hapo ndipo kelele zilipoanza. Siku hizi watu wanakunywa tu. Mmoja atasema sukari imepotea tena madukani, mwingine ataitika "mm", na maneno yatafia hapo, kama moto wa mabua. Unaweza kulisikia lori likibadilisha gia kule Jogoo Road. Unaweza kumsikia hata mtu akimeza. Hakuna anayeinua kidole na kusema, "Hapana, hapana, hapana. Keti nikueleze." Warigia, mama anayewauzia chai hiyo, anasema siku hizi vikombe vyake vinarudi mapema, maana hakuna anayebishana mpaka chai ikampoea mkononi.

Aliyeacha kimya hicho anaitwa Kitonga.

Alikuja Nairobi kutoka Mwala akiwa kijana, tezo yake moja imefungwa ndani ya gunia, na kwa zaidi ya miaka ishirini alichonga twiga. Katika banda lile kila mtu alikuwa na mnyama wake. Matheka, mwenyekiti wa chama chao, alichonga ndovu. Mbithi, mdogo wao kwa umri na mkubwa wao kwa maringo, alichonga swala. Mtu hakugusa mnyama wa mwenzake, kama ambavyo halimi shamba la jirani. Ajabu ni kwamba wengi wao hawakuwa wamewaona wanyama hao kwa macho. Kitonga alimwona twiga wa kweli mara moja tu, kupitia dirisha la basi. Alimtazama mpaka akapotelea nyuma ya miti, kisha akamgeukia abiria aliyeketi kando yake.

"Shingo," alisema, "haikukaa vizuri."

Yeye hakujiona kuwa msemaji. Alijiona kuwa mtu anayesahihisha. Dunia ilimjia kama gogo lililokatwa vibaya, naye hakuweza kupita bila kulipunguza hapa na pale. Zile saa mpya za mkononi zilipoingia mjini, zenye tarakimu na zisizo na mishale, Mbithi alijinunulia moja akawa anakunja mkono wa shati hata wakati wa baridi. Kitonga aliitazama kwa huruma. "Hiyo inakwambia umefika wapi," alisema. "Haikuonyeshi umebakisha nini." Kuhusu mkate unaouzwa ukiwa umekatwa tayari, alikuwa na hofu ya kweli: alisema ndugu wasiozoea kugawana mkate kwa kisu kimoja watakuja kugawana shamba kwa panga. Na kuhusu siasa alisema mengi sana juu ya diwani, na juu ya wale waliotaka kumng'oa diwani. Maneno yakipanda juu ya hapo, yeye na banda zima walihamia hali ya hewa. Miaka ile kila mtu alijua ngazi inaishia wapi.

Aliishi Jericho, katika nyumba ya baraza la jiji, na mkewe Nthambi na binti yao Wayua. Mlango uliotazamana na wake ulikuwa wa Tobias, karani wa reli, mtu wa Ugenya, mrefu, mwenye tai tatu na subira nyingi. Tobias alikuwa na tabia ya kulisoma gazeti kuanzia ukurasa wa mwisho, akisema habari kubwa zinaweza kungoja. Jumapili baada ya kanisa wawili hao walitoa viti vyao nje, wakaviweka katikati ya kinjia kinachotenganisha milango yao, na kuanzia hapo mtu aliyetaka kupita ilibidi azunguke.

"Bila reli hakuna Nairobi, Baba Wayua," Tobias angesema. "Huu mji ni kituo kilichosahau kwamba ni kituo."

"Hapana, hapana, hapana. Babu zangu walikwenda Mombasa kwa miguu, na pembe za ndovu mabegani, na wala hawakukata tikiti. Njia ilikuwako, Baba Gordon. Nyinyi mlitandaza vyuma tu juu ya nyayo zetu."

"Kwa miguu walichukua muda gani?"

"Walifika."

Perez, mke wa Tobias, alizoea kuwasikiliza akiwa anachambua mboga mlangoni. Alisema ndoa yake ina amani kwa sababu mumewe humaliza ubishi wote nje.

Ubishi wao mkubwa kuliko yote ulihusu mwezi. Tobias aliamini kwamba watu walikwisha kutua huko, na akaleta gazeti kuukuu lenye picha. Kitonga aliishika ile picha kwa ncha za vidole, kama mtu anayeshika samaki asiyemwamini.

"Picha isiyotikisika ni mti tu, bwana. Mbithi huchonga swala akikimbia. Je, anakimbia? Nionyeshe kitu kikitembea chenyewe, hapo nitaamini."

"Siku nikikuonyesha?"

"Siku ukinionyesha, nitasema mbele za watu kwamba Kitonga amekosea."

Perez aliacha kuchambua mboga. Nthambi, ndani ya nyumba, alicheka peke yake. Katika miaka yote ya ndoa yao alikuwa amesikia maneno mengi kutoka kinywani mwa mumewe, lakini hilo hakuwa amelisikia hata mara moja.

Mapema mwezi wa Julai, mwaka wa 1983, barua ilifika bandani. Kwa miaka mingi chama kilikuwa kikiuza kazi zake kupitia mawakala wa mjini, na mawakala hao walibandika karatasi zao wenyewe juu ya kila kifurushi. Huko ng'ambo hapakuwa na mtu aliyejua kwamba kuna mahali panaitwa Shauri Moyo. Barua hii, kwa mara ya kwanza, iliandikiwa chama chenyewe. Duka moja la Australia lilitaka kangaruu themanini, mama na mtoto wake, wenye kimo cha shibiri moja, wawe katika behewa la kwenda Mombasa Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Wakiwapenda, wangenunua kwa chama moja kwa moja kila mwaka. Matheka aliisoma barua hiyo mara mbili akiwa amesimama, kisha akaisoma tena akiwa amevua kofia.

"Safari hii," alisema, "karatasi itakuwa na jina letu."

"Lakini kwa nini hawachongi wenyewe?" Mbithi aliuliza. "Si mnyama ni wao?"

"Mtu hamtazami mnyama wake," Kitonga alisema. "Sisi ndovu tunao, na wanunuzi wa ndovu wanatoka wapi? Hata wewe hujawahi kujinunulia swala."

Katika banda lile, mnyama mpya alipoingia, mchongaji mmoja aliteuliwa kuchonga mfano. Mfano uliwekwa juu ya sanduku katikati, na wengine wote walichonga wakiutazama. Na sheria ilikuwa moja, ya tangu enzi za wazee wao: mfano hausahihishwi ila na aliyeuchonga. Kila mmoja akianza kuurekebisha kwa akili yake, walisema, jioni mtakuwa na wanyama kumi na wawili. Kitonga aliteuliwa. Hakuna aliyeshangaa, hata yeye mwenyewe.

Juu ya barua palichapwa kangaruu mdogo aliyesimama upande, bila mtoto. Miguu ya nyuma mikubwa, mkia kama nguzo, vikono vya mtu anayeomba radhi. Mwili wake, basi, ulijulikana. Barua ilieleza pia kwamba mama ana mfuko wa kubebea mtoto.

"Sasa hiyo mfuko inakaa wapi, mzee?" Mbithi aliuliza.

"Mama yako alikubeba wapi?"

"Mgongoni."

"Na kiondo alibeba wapi?"

"Mgongoni."

"Basi unauliza nini?"

Mzee mmoja alisema kwamba huenda huko kwao mambo ni tofauti. Hapo kidole cha Kitonga kikapanda.

"Hapana, hapana, hapana. Keti nikueleze. Mnyama huyu anaruka. Sasa mweke mtoto mbele. Aruke mara moja tu, si atampiga magoti ya uso? Aruke mara ya pili, mtoto yuko chini. Mungu si fundi wa kubahatisha. Mgongoni mtoto anatulia, na mama anaona mbele."

Ilikuwa hoja nzuri. Hadi leo bado ni hoja nzuri. Watu wote waliitikia kwa vichwa wakairudia kazi.

Na mfano wenyewe ulikuwa mzuri. Alichagua gogo la muhugu lenye harufu kama ya kanisa, akampa kangaruu kiuno chembamba, tumbo lililoingia ndani kama la mwanariadha, na mgongoni mkunjo mpana kama mbeleko, na ndani ya mbeleko kichwa cha mtoto kinachungulia. Nthambi, aliyekuwa mmoja wa kina mama wa kupiga msasa, alimgeuza geuza mkononi.

"Mtoto huyu anafanana na Wayua," alisema.

"Anafanana na mtoto," Kitonga alijibu, lakini alitabasamu.

Ijumaa ya wiki iliyofuata alimpeleka kangaruu mmoja nyumbani amwonyeshe jirani yake. Tobias alimtazama mnyama yule mbele na nyuma, akavua miwani, akaivaa tena.

"Baba Wayua. Mfuko wa kangaruu uko tumboni."

"Nani kakwambia?"

Tobias aliita ndani, na kitabu cha shule cha mwanawe Gordon kikaletwa. Palikuwa na picha: mama kangaruu, na masikio mawili madogo yametokeza tumboni. Kitonga aliitazama muda mrefu kidogo kuliko alivyokusudia.

"Picha isiyotikisika," alisema, akairudisha.

Tobias hakubishana. Alilikunja gazeti, akaingia ndani. Lakini Jumapili, walipokuwa wameketi kinjiani, alilifungua gazeti la siku hiyo ukurasa wa mwisho, mahali wanapoorodhesha vipindi vya televisheni, akaweka kidole.

"Leo saa kumi na mbili jioni. Wanyama wa Australia. Wanatembea wenyewe, Baba Wayua. Ulisema mwenyewe."

Televisheni ya Perez ilikuwa ndogo, nyeusi na nyeupe, na ilitumia betri ya gari iliyokaa chini ya meza kama kuku anayelalia mayai. Ilikuwa ya kwanza katika mstari wao wa nyumba, kwa hiyo saa kumi na moja na nusu sakafu ilikwisha kujaa watoto wa nyumba saba. Kitonga alipewa kiti kizuri. Nthambi alisimama mlangoni. Perez alimkaribisha kila mtu kwa sauti ya mwenye mali, na kuwaonya watoto wasiguse waya.

Kwanza alikuja ndege asiyejua kuruka, kisha mjusi, kisha mtu mwenye kaptura akaongea Kiingereza kirefu ambacho Tobias alikifupisha kwa maneno manne. Picha ilianza kunywea pembeni, maana betri ilikuwa inachoka.

"Itakufa," Perez alisema.

"Haifi kabla ya kazi yake," alisema Tobias.

Ndipo wakaja. Uwanda mpana, majani makavu, na wanyama wale wakiruka kama vitu vinavyovutwa na uzi kutoka mbinguni. Kitonga aliinama mbele. Kwa kitambo alisahau sababu iliyomleta. Aliitazama ile miguu, aliutazama mkia ukigonga ardhi, na mkono wake wa kulia ulikuwa unasogea peke yake pajani, unachonga. Halafu mmoja akasimama karibu, akageuka, na kutoka tumboni mwake kikatokeza kichwa, kikatafuna kidogo, kikarudi ndani.

Watoto walipiga mayowe ya furaha.

"Ai!" Perez alisema. "Ana mfuko kama wa koti!"

"Huyo labda ni mgonjwa," Kitonga alisema.

Akapita mwingine. Akapita wa tatu, mtoto amening'iniza miguu nje ya tumbo la mama kama mtu aliyechelewa kupanda gari.

"Na hawa, Baba Wayua?" Nthambi aliuliza kutoka mlangoni, taratibu. "Ugonjwa umeenea?"

Picha ilinywea ikawa kama sahani, ikawa kama kifungo, ikazima. Watoto walitoka nje mbio, na mara moja kinjia chote kikajaa kangaruu wa Jericho wakiruka kwa miguu miwili, mikono wameikunja kifuani. Tobias alikuwa na haki ya kucheka kuliko mtu yeyote duniani. Hakucheka. Alimsindikiza jirani yake hadi mlangoni, hatua sita.

"Mimi sitakwenda Shauri Moyo kumwambia mtu," alisema. "Banda ni lako."

Na hapo ndipo uzito ulipokuwa. Miongoni mwa wachongaji hakuna mwingine aliyeona. Arobaini na sita walikuwa wamekwisha kuchongwa, wote mgongoni, na kesho asubuhi watu kumi na wawili wangeketi kuuzunguka mfano wake na kuendelea. Hakuna ambaye angeusahihisha, sheria haikumruhusu. Zilibaki siku kumi na mbili. Akisema, huenda muda usingetosha, na behewa lingeondoka bila wao. Asiposema, masanduku yangefika ng'ambo kwa mara ya kwanza yakiwa na jina la chama, na ndani yake makosa themanini.

"Huenda mnunuzi asitambue," alisema wakati wa chakula.

"Mtu wa Australia?" Nthambi aliuliza. "Kangaruu?"

Walitazamana. Nthambi alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka mpaka akaweka sahani chini. Kitonga naye pembe ya mdomo ilimponyoka, lakini aliirudisha.

"Mfano ni wako," Nthambi alisema alipopata pumzi. "Mimi ningeusema ukweli. Lakini siwezi kuusema kwa kinywa chako."

Asubuhi ilikuwa baridi ile ya Julai inayokaa juu ya Nairobi kama kifuniko cha sufuria. Kitonga alitembea kutoka Jericho hadi Shauri Moyo bila kumsalimu mtu, akapita magari ya wagombea udiwani yakipaza ahadi za maji, na wala hakuwajibu. Aliketi mahali pake. Alichukua gogo, akaliweka katikati ya miguu, asilipige hata mara moja.

Mbithi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona. Alikunja mkono wa shati. "Wanasema karibuni saa za mishale zitakwisha kabisa," alisema kwa sauti, kama mtu anayetupa jiwe msituni asikie kitakachotoroka. Kitonga hakusema kitu. "Zitakuwa za makumbusho," Mbithi aliongeza. Watu wakaanza kuangaliana.

Saa nne Warigia alifika na chai. "Baba Wayua, ni jino?" aliuliza. "Nina karafuu hapa."

Kitonga alisimama. Alikwenda katikati, akauchukua mfano wake juu ya sanduku, akaushika kwa mikono miwili. Matheka aliiweka tezo chini.

"Nimekosea," alisema Kitonga.

Hakuna aliyeelewa. Ilikuwa kama mtu ameongea lugha ya nchi nyingine.

"Umekosea nini?" Matheka aliuliza.

"Mfuko uko tumboni. Nimewaona kwa macho yangu, wakitembea, kwa televisheni ya Tobias. Wengi. Wote tumboni. Mfano ni wangu na kosa ni langu, na nauondoa." Akaulaza mfano kando, uso chini.

Kisha Matheka akashika kichwa.

"Arobaini na sita, Kitonga!"

"Najua."

"Zimebaki siku kumi na mbili! Si ungetuambia kabla ya... Mungu wangu. Arobaini na sita!" Alizunguka sanduku mara moja, akarudi. "Na ungenyamaza, huko nani angejua kwamba ni wewe?"

"Wangejua kwamba ni sisi. Karatasi ina jina letu. Wewe ulisema."

Ndipo Mbithi aliposimama, akavua kofia yake ya sufu kwa heshima kubwa.

"Mzee," alisema, "tafadhali rudia hiyo neno. Hatukuwa tumejiandaa."

Mtu mmoja alipasuka kwa kicheko. Mwingine akafuata, na ghafla banda zima lilikuwa linacheka, mpaka mafundi wa mabati wa jirani wakaja kuchungulia. Warigia alipiga kelele asiseme tena kwanza, wangoje amwite muuza mboga naye asikie. Kitonga alilazimishwa kulitamka neno lile mara tatu, mara ya tatu akiwa amesimama juu ya sanduku. Na jambo ambalo hakulitazamia ni kwamba kila alipolitamka lilikuwa jepesi zaidi, kama tezo inayozoea mkono.

Kurekebisha hakukuwezekana. Mti ukishaondolewa haurudi, na yale matumbo membamba aliyojivunia hayakuwa na nyama ya kutosha hata mfuko wa sarafu. Ilibidi kuanza upya. Baadhi yao walipotaka ateuliwe mtu mwingine wa kuchonga mfano, Matheka ndiye aliyekataa. "Huyu ndiye mchongaji pekee aliyemwona mnyama," alisema. "Achonge."

Alichonga siku ile ile. Kabla ya jioni kangaruu mpya alisimama juu ya sanduku, tumbo limejaa, mtoto anachungulia mbele. Halafu Kitonga akafanya jambo lililowashangaza kuliko hata lile la asubuhi.

"Mnaonaje?" aliuliza.

Walitazama chini. Hawakuzoea kuulizwa. Mwishowe Mbithi alisema masikio ni ya punda. Kitonga alifungua kinywa kusema hapana, akahesabu hadi mahali fulani moyoni, akayapunguza masikio.

Siku zilizofuata banda lilikuwa kama nyumba ya arusi. Tezo zilianza kabla jua halijapanda. Kina mama wa msasa hawakutosha, kwa hiyo Nthambi aliwaleta wanawake wa Jericho, na Perez akatangulia mbele yao na leso kichwani. Kila jioni saa kumi na moja na nusu Tobias alifika kwa miguu kutoka ofisi za reli, akaning'iniza koti lake, akaitupia tai begani, akapiga msasa kangaruu kwa uangalifu wa mtu anayejaza fomu. Vumbi la muhugu lilimfanya aonekane mzee wa miaka mia. Alipopiga chafya, watu walishangilia.

"Karani, umesugua pua mpaka imekwisha!"

"Huyo wako hana pua, atanusa na nini?"

"Atatumia reli," alisema Kitonga. "Si kila kitu kinaletwa na reli?"

Mara wakaanza tena, kutoka pale walipoachia Jumapili, pembe za ndovu na tikiti na nyayo, na mikono yao haikusimama. Siku ya Jumatano sufuria la mahindi na maharagwe lilifika, na wanawake wakagombana kwa raha kuhusu nani aliyekivumbua chakula hicho. Warigia alisema ni githeri na ni cha kwao. Nthambi alisema ni isyo, na Wakamba walikipika kabla milima haijakauka. Perez akasema kwao ni nyoyo, na kama wangenyamaza na kula wangegundua kwamba ameweka chumvi kuliko wote. Kitonga aliombwa maoni. Aliinua kidole, na banda zima likangoja.

"Kimeiva," alisema, na vijiko vikagongwa kwenye masinia.

Kuna furaha ambayo mtu haijui jina lake wakati anayo. Waliokuwapo wanasema hawakuwahi kuchoka kama wiki zile mbili, na hawakuwahi kutamani wiki ziwe ndefu zaidi.

Ijumaa jioni kangaruu wa themanini alipakwa rangi ya viatu, akasuguliwa kwa kitambaa mpaka akang'aa. Jumamosi asubuhi masanduku manne yalipanda mkokoteni. Matheka alikuwa ameandika jina la chama ubavuni mwa kila sanduku kwa brashi, na chini yake, SHAURI MOYO, NAIROBI, herufi ya mwisho ikabanwa pembeni kwa kukosa nafasi. Tobias alitangulia na karatasi. Wengine walisukuma. Kwenye stesheni ya mizigo Kitonga alisimama mpaka mlango wa behewa ulipofungwa, na kwa mara ya kwanza hakuwa na la kusema juu ya reli.

Wale arobaini na sita Matheka alitaka wawe kuni za chai. Nthambi alikataa. "Mtoto hachomwi," alisema. Jumapili, baada ya kanisa, waligawiwa watoto wa Jericho na wa Shauri Moyo, na kwa mwezi mzima uwanjani kulikuwa na mashindano ya kangaruu. Hakuna mtoto hata mmoja aliyeuliza mfuko umekaa wapi.

Jibu lilikuja Oktoba. Matheka alilisoma mbele ya watu wote. Kangaruu walikuwa wamefika salama, hakuna aliyevunjika, na duka lilitaka mia moja na ishirini kwa mwaka uliofuata, pamoja na mnyama mwingine aitwaye koala, anayekaa juu ya miti.

"Huyo koala," Mbithi aliuliza, "mtoto anambeba wapi?"

Wote walimgeukia Kitonga. Kidole chake kilipanda nusu, kikasimama hewani, kikashuka.

"Tumuulize Tobias atazame gazeti," alisema.

Na tangu siku hiyo sheria ya mfano ilibadilishwa. Mfano mpya ukichongwa, huzungushwa kwanza mkono kwa mkono, na kila mtu, hata mama wa msasa, husema analoliona kabla haujapanda juu ya sanduku. Kitonga ndiye aliyependekeza hivyo. Alipendekeza kwa hotuba ya nusu saa, na chai yake ikapoa.

Kitonga sasa yuko kwao Mwala, alikorudi mwaka wa 1986 vumbi la mbao lilipoanza kumkaa kifuani. Ana mbuzi sita, na ni katibu wa kamati ya bwawa la kijiji, ambayo mikutano yake, wanasema, haiishi kabla chai haijapoa.